Tufani za Uchina Wakati wa Kafyu

Jumatatu, 4 Aprili 1955
Kazi ya lazima ya handaki la kuzunguka kijiji tena tangu asubuhi. Mvua inarudisha udongo shimoni, sisi tunautoa. Filimbi ya kafyu imelia mapema. Mwanangu Wawira bado anakohoa. Nimemsomea kitabu pekee kilichopona msako: tufani za bahari ya Uchina, karne iliyopita. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiembu. Mtoto hajaona hata ziwa, sembuse bahari. Anauliza kwa nini mabaharia hawakushuka wakatembea.

Jumanne, 5 Aprili
Ni kichomi, sina shaka. Hedimani, mkuu wa kijiji, amekataa kutupatia pasi ya kutoka kwenda hospitali ya Embu. Anasema walimu ndio waliolisha watu wa msituni. Namchukia. Watoto wake wanapumua vizuri.
Jioni, nilipofika pale kitabuni mlingoti wa meli ulipovunjika, kitu kikasogea nje ya ukuta. Nyaga, homugadi wa zamu, mlinzi wa kijiji upande wa serikali. Mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma. Ameegemea udongo, bunduki begani, anasikiliza.

Alhamisi, 7 Aprili
Handakini, mbele ya watu, Nyaga kaniuliza, "Mwalimu, yule kapteni alipona ama alienda na maji?" Nikamjibu alete pasi, nimpe mwisho wa hadithi. Watu wakainamia majembe. Mke wangu amenuna: nimemchokoza mwenye bunduki.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili
Hakuna kanisa. Wawira hali chochote, pumzi fupi fupi. Nyaga hakuja zamu. Nimeuchezea uhai wa mtoto kwa hadithi. Mlango upo, na bila pasi sitoki. Mjinga mimi.

Jumamosi, 9 Aprili
Pasi imekuja. Ya mtoto na mama yake tu. Sijui Nyaga alimwambia nini hedimani. Jicho moja la Nyaga limevimba, halifunguki.
Langoni akasimama mbele yangu, akingoja haki yake. Kitabuni meli ilizama na wote waliokuwemo. Mke wangu alikuwa bado karibu, Wawira mgongoni.
"Walifika," nikasema.
"Wote?"
"Wote."

Jumatatu, 11 Aprili
Hakuna habari kutoka Embu. Nimechimba. Nimepika uji wa watu watatu, nimemwaga. Kafyu ilipoanza Nyaga akaja ukutani, akaomba nisome tena tangu mwanzo. Nikamwambia taa haina mafuta. Akasema basi atakaa tu.
Amekaa.