Tarumbeta Yako Imelia Ukumbini

Baba Kibonge mpenzi,

Sisi wazima, ila usingizi ndio adimu. Kibonge ameota meno mawili na ananiuma nayo bila haya.

Mwezi huu mzima ukumbi wa jiji una matamasha ya muziki wa klasiki na jazi, nami nafagia humo mwanao akiwa mgongoni. Juzi mpiga tarumbeta wa bendi moja aliharibikiwa na chombo, nikamwazima chako. Usinikasirikie, kilikuwa kinashika vumbi tu. Kilipolia nilisimama na ufagio wangu nikafumba macho. Mara nikajua si wewe. Wewe huvuta pumzi kwa kelele kwanza, kama mtu anayepuliza chai ya moto.

Jana kiongozi wa bendi akaniambia, “Dada, tuuzie hii tarumbeta.”

“Ina mwenyewe, kaka.”

“Mwenyewe yuko wapi?”

Nikajifanya nakaza mbeleko. Miezi mitano hujaniandikia hata mstari mmoja.

Tarumbeta siuzi. Lakini kungoja bila neno siwezi tena. Kama unarudi, sema. Kama hurudi, sema vilevile, nilie mara moja niinuke, maana mtoto anataka kula.

Nimekukumbuka mpaka naona aibu.

Mkeo hadi leo,
Mama Kibonge