Kadi Inayoonyesha Barabara

Gitega, Yoba
6 Aprili 2003

Dada Shakila,

Asalaam alaikum wewe na wote wa nyumbani hapo Muyinga, na Mama kabla ya wote. Huku tunaendelea. Pili anakusalimu sana, malaria imemwachia, ila bado analalamika mdomo mchungu. Juzi tulisikia milio ya bunduki upande wa Ryansoro, lakini soko la hapa halikufungwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Miguu ya Mama imevimba, pumzi inamkatika akifika tu uani, na ananitaka. Dada, unajua kwa nini siji. Mwezi wa pili mwaka jana Saidi, aliyekuwa utingo wangu kwa miaka tisa, aliuawa kwa risasi kwenye kona ile baada ya Karuzi, tumekaa bega kwa bega ndani ya lori, na mimi sikupata hata mchubuko. Tangu siku hiyo sijapanda gari. Mwezi uliopita nilijaribu. Nilikata tiketi, nikakaa kwenye basi, na kabla dereva hajawasha nilikuwa nimeshateremka, jasho mwili mzima, watu wananitazama. Mimi niliyeendesha lori miaka kumi na minane.

Sasa nisikilize, na usicheke mpaka nimalize. Unamkumbuka Faraz, mtoto wa tajiri wangu mzee Fatehali. Nyuma ya duka la baba yake amefungua chumba cha kuchapa barua kwa kompyuta, na ana diski ya mchezo wa kuendesha malori. Alinikalisha hapo siku moja kwa utani. Kompyuta yake ni dhaifu, barabara inakuja vipande vipande na kukwama, lakini viganja vyangu vililowa. Nilikaa dakika nne nikainuka. Kesho yake nikakaa sita. Faraz anasema kwenye mashine yenye nguvu utaona miti, mvua, na magari yanayokuja mbele yako.

Siwezi kutokwa jasho mbele ya wateja wake kila siku. Nataka kuunda yangu, hapa nyumbani. Siku nitakayoendesha humo saa nzima bila kuinuka, nitapanda basi nije kwa Mama. Ninazo zile faranga laki sita alizonipa mzee Fatehali nilipoacha kazi, na sina nyingine. Vifaa Mwanza ni nusu ya bei ya huku, na wewe unakwenda kila mwezi kwa vitenge vyako. Orodha ya Faraz iko nyuma ya karatasi hii.

Mdogo wako,
Abubakari


Muyinga
19 Aprili 2003

Mdogo wangu Abubakari,

Waalaikum salaam. Mwambie Pili achemshe mchaichai, ule uchungu utatoka. Sisi tupo. Familia za Butihinda zilizorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania zimejaa sokoni, kwa hiyo vitenge vinatoka kidogo. Mama yuko vilevile.

Sikucheka. Nilikasirika. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, nchi inaungua, watu wanakula mara moja kwa siku, yeye anataka mchezo wa watoto wa matajiri. Nikuambie ninavyoona: hiyo kompyuta ni kisingizio. Basi ni basi. Unapanda, unafumba macho, unafika.

Nilimsomea Mama barua yako nikitumaini atakasirika pamoja nami. Yeye akauliza tu, katika vitu hivyo vyote ni kipi kinachoonyesha barabara. Nikatazama orodha, nikamwambia ni hiki kinachoitwa kadi ya picha, na Faraz ameandika mbili, ya bei rahisi na ya bei kali. Akasema, "We Shakila, mi niko mgonjwa, siko mjinga. Kama njia haionekane, ataendesha nini? Mpatie ile ya bei kali, mupunguze kwa bingine."

Basi nimeshindwa. Mwambie huyo Faraz aandike upya, na aandike vizuri, mimi sijui prosesa wala nini. Nikinunua kitu kisichofaa Mwanza, hakuna wa kukirudisha.

Dada yako,
Shakila


Gitega
2 Mei 2003

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba Mama amepata usingizi. Mbusu mikono kwa niaba yangu. Nilipofika kwenye maneno yake nilitoka nje kwanza.

Mimi na Faraz tumeshinda Alhamisi nzima juu ya orodha. Kadi ya picha ni ile ile ya Mama, ya mega mia moja ishirini na nane, na peke yake inakula karibu theluthi ya pesa. Ili ibaki, tumeshusha prosesa ngazi mbili. Faraz anasema kwenye mchezo kadi ndiyo inayofanya kazi ngumu, prosesa inasaidia tu. Diski ndogo inatosha. Sanduku usinunue, analo moja bovu, tutalinyoosha. Skrini nimeipata hapa, ya ofisi iliyofungwa. Usukani wa mchezo tumeukata kwenye orodha, nitaendesha kwa vidole.

Mahali pawili usibane pesa. Pawa, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, iwe nzuri, kwa sababu umeme wa huku unakuja na kuondoka, na pawa mbovu huunguza kila kitu kwa mara moja. Halafu memori. Tulitaka vijiti viwili, tumebaki na kimoja cha mega mia mbili hamsini na sita. Bila hicho mashine haiamki kabisa, inapiga mlio tu. Bodi kuu na prosesa mwambie muuzaji azifunge pamoja mbele ya macho yako. Zikikataana, tumetupa pesa.

Umesema ni kisingizio. Sitakujibu hilo leo.

Mdogo wako,
Abubakari


Muyinga
30 Mei 2003

Abubakari,

Salamu kwako na kwa mke wako. Mimi nimerudi na mgongo umekufa, siku mbili mpakani Kobero tunapekuliwa, lakini mzigo umepita. Mama anakula uji kidogo.

Muuzaji wa Mwanza alifunga bodi na prosesa mbele yangu kama ulivyoagiza, nikamfanya afungue afunge tena. Alidhani mimi ni fundi.

Nimetuma kwa desturi yetu wanawake wa Kobero: mzigo hauendi na mtu mmoja, na anayebeba haambiwi anachobeba. Akijua atatetemeka kizuizini, na anayetetemeka ndiye anayepekuliwa. Bodi, pawa na diski ziko kwa Radjabu muuza samaki, ndani ya katoni za sabuni. Kadi ya Mama iko katikati ya gunia la mchele la dereva Amissi, nailoni tatu juu yake. Memori ndicho kitu kidogo na watu wanakiiba kwa urahisi, kwa hiyo nimekishona ndani ya pindo la kitenge cha bluu. Jirani yetu Kulthumu anamletea Pili kitenge hicho, yeye anajua ni zawadi. Mkikipata, fumueni pindo. Barua hii inakuja na mtu mwingine.

Dada yako,
Shakila


Gitega
14 Juni 2003

Dada Shakila,

Amani iwe nanyi. Sisi wazima, na mzigo wote umefika, mkono wako ubarikiwe. Lakini kaa chini kwanza.

Kulthumu alifika kabla ya barua yako. Njia ilifungwa, akalala siku mbili kwa dada yake Karuzi. Ndani ya gari katoni za samaki zilikuwa zimekilalia kitenge, na yeye ni mtu wa adabu, hakutaka kuleta zawadi yenye vumbi na harufu. Akakifua. Akakitia wanga. Akakipiga pasi ya makaa. Ametueleza mwenyewe, tena kwa malalamiko, kwamba pindo moja lilikuwa gumu halilali, ikabidi alikandamize na pasi kwa nguvu mpaka likatii.

Barua ilipofika mimi na Pili tulitazamana tukacheka mpaka machozi. Halafu Faraz akaja, akafumua, akajaribu. Kijiti kimepinda. Kila kitu kingine kiko tayari mezani, feni inazunguka, na mashine inapiga mlio mara tatu inanyamaza. Pesa zimekwisha.

Usimwambie Kulthumu. Ataumia bure.

Mdogo wako,
Abubakari


Muyinga
29 Juni 2003

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi sikucheka, kosa ni langu. Nimemwagiza mwenzangu Mwanza alete kijiti kingine, na hicho nimekilipia mimi, usiniulize. Safari hii kinakuja wazi, kimefungwa kwenye karatasi yenye jina lako, mkononi mwa dereva Amissi. Nimemwambia ni nini. Atetemeke akitaka.

Mama hatoki tena uani. Amehamishiwa chumba cha mbele ili aone mlango. Mganga wa zahanati ameongeza vidonge, akaniita pembeni, akasema nisichelewe kuwaita watu wa mbali. Nimekuandikia alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Dada yako,
Shakila


Muyinga
2 Agosti 2003

Abubakari,

Hamjambo? Mwezi umepita bila mstari kutoka kwako, na Amissi anasema alikukabidhi mkono kwa mkono. Au kijiti hiki nacho kimekufa? Kama kimekufa niandikie tu, tutafute kingine. Mama anauliza kila siku kama mashine imewaka. Nimechoka kumwambia bado.

Dada yako,
Shakila


Muyinga
24 Agosti 2003

Mdogo wangu Abubakari,

Salamu zangu kwako na kwa Pili. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama ametangulia Alhamisi baada ya adhuhuri. Unajua sheria yetu, maiti hasubirishwi. Tulimwosha, akaswaliwa, akazikwa kabla ya magharibi. Hata ningekupigia simu dukani kwa mzee Fatehali usingewahi, kwa hiyo sikupiga. Labda ningepiga. Sijui.

Jumatano aliniita akauliza, "Abubakari iko wapi saa hii?" Alidhani uko njiani. Nikamjibu umepita Karuzi. Akasema, "Basi anafika." Akalala vizuri.

Kitu kimoja hakinitoki. Ningemwambia Kulthumu kilichomo kwenye pindo, asingepiga pasi, mashine ingewaka mwezi wa sita, na wewe ungekuwa umefika. Zile wiki zilizopotea ni kosa langu mimi. Nimefanya biashara ya kuficha miaka mingi mpaka nimemficha hata mtu mwema. Nisamehe. Arobaini ya Mama ni mwisho wa mwezi wa tisa, sikulazimishi.

Dada yako,
Shakila


Karuzi
Alhamisi, 18 Septemba 2003

Dada yangu,

Mungu akutie nguvu. Nimekawia kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliandika uongo.

Kijiti cha pili kilifika tarehe tano Julai. Faraz alikiweka siku hiyohiyo na mashine ikaamka. Barabara ilionekana, dada, majani yake, maji yanayotelemka kwenye kioo, kila kitu ambacho Mama alitaka nikione. Tarehe ishirini na sita niliendesha saa moja na dakika ishirini bila kuinuka. Nilizima, nikanawa uso, nikajua nimeahidi nini.

Sikuandika. Nilijiambia saa moja haitoshi, ziwe mbili. Zikawa mbili. Nikajiambia nijaribu kwenye mvua. Barua yako ya Agosti mbili ilinikuta nimekaa kwenye kiti hichohicho, nikaisoma, nikaendelea kuendesha. Kutoka siku ile niliyomaliza saa nzima hadi siku ya Mama ni siku ishirini na sita. Nimezihesabu. Kulthumu hakukosa, na wewe hukukosa. Pasi ile ilinipa wiki tatu za kupumzika, na nilimshukuru Kulthumu moyoni. Ulisema kisingizio, nikakasirika kwa sababu ulikuwa umekwisha kukiona. Kwenye mchezo ule kiti cha pembeni hakina mtu. Ningeweza kuendesha hivyo mpaka uzee.

Kompyuta nimemwachia Faraz. Leo asubuhi nilipanda basi Gitega. Nimefika Karuzi, na hapo dereva aliposimama kujaza maji niliteremka, nikashindwa kurudi ndani, wakaondoka. Nakuandikia kwa muuza chai wa stendi. Barua anaichukua kijana wa gari linaloondoka sasa, kwa hiyo itakufikia kabla yangu.

Kesho kuna gari saa moja asubuhi. Nimemwomba kondakta aniweke siti ya katikati, nibanwe na watu pande zote. Nikiteremka tena, nitakuja kwa miguu, zimebaki kilomita hamsini na kitu. Usimtume mtu kunipokea. Na lile neno la kuniomba msamaha liondoe, na la kunisamehe mimi usiliseme mpaka nimefika mlangoni, unione, kisha uamue.

Mdogo wako,
Abubakari