Bomba la Shaba Halikuuzwa

Mwalimu wangu,

Amani ya Mungu iwe nawe huko uliko, na kaburi lako aliangaze. Desturi ya kwetu unaijua, wanawake hatukwenda makaburini siku ile, kwa hiyo sikukuaga. Ndiyo maana nakuandikia. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyopendania, wewe mtu wa Pate na mimi binti wa Balambala. Kisomali chako kilikuwa cha kunimwagisha chai kwa kicheko.

Eda imekwisha. Nimerudi kufundisha darasa langu la tatu. Shule yako imepata mwalimu mwingine wa fizikia, kijana mpole kutoka Machakos, na nyumba ya shule sasa ni yake, ni haki yake. Mimi na binti yetu Saida tumehamia chumba kilicho nyuma ya duka la kaka yangu Abdi. Saida ameota meno mapya ya mbele. Kidevu ni chako, na ubishi pia ni wako, usinisingizie mimi.

Lakini habari kubwa si hiyo. Mwalimu, wameziunda! Nilikuwa bado nimo ndani ya eda, redio ya jirani ikasema wanasayansi huko Ulaya wametengeneza atomi za kile kitu chako, kinyume cha mata, pacha wa kinyume wa vitu vyote tunavyovigusa. Atomi nzima, si vipande. Chache tu, na zikatoweka hapo hapo. Niliinuka nikakuita. Nilifika mpaka mlango wa jikoni nikiwa naita, ndipo nikakumbuka. Siku hiyo nililia kuliko siku ya mazishi.

Swali lako silisahau. Kitu hicho kikiachiliwa, kitaanguka chini kama jiwe au kitapanda juu? Ulikuwa ukisema karibu kila mtu anadhani chini, lakini hakuna aliyewahi kukiona kikianguka. Hata pale hospitali, sauti imekwisha, ulinishika kidole ukasema, "Nuria, wakijua, niambie." Basi nakuambia: bado. Zilikwenda mbio mno, hazikupata hata nafasi ya kuanguka.

Unakumbuka kiangazi kile, hewa kavu mpaka midomo inapasuka? Nilikuwa navua garbasaari, shela yangu ya nailoni, inatoa cheche kichwani, nawe ukachana kijikaratasi laini cha kufungia sabuni ukakiachia mbele yangu. Badala ya kushuka mkekani kikapinda njia, kikaja kunata kwenye shela. Ukasema, "Ona, dunia nzima inakivuta chini, nacho kimekuchagua wewe." Nikakuambia acha maneno yako ya pwani. Garbasaari ile bado ninayo, Mwalimu. Nguo nyingine nimegawa, ile sikuweza.

Kisha ukaacha mzaha. Ukasema hiyo ndiyo taabu yenyewe ya wanaotaka kupima. Elektroni ni nyepesi mno, hata elektroni nyingine moja tu ikisimama pale mlangoni, msukumo wake unatoshana na mvuto wa dunia yote tuliyoikalia. Nami nikauliza, sasa nyumba isiyo na elektroni mlangoni utaipata wapi? Ulicheka ukasema ndiyo maana kuna bomba.

Bomba lako! Ulilinunua sokoni kwa wauza vyuma chakavu, refu kukupita, ukalisimamisha pembeni mwa sebule ili uwe ukilipeleka darasani. Abdi alipokuja, ili na wewe uelewe, akauliza kwa Kiswahili chake, "Shemeji, hii bomba haina maji, nafanya nini kwa nyumba?" Tangu siku hiyo kila mgeni aliuliza bomba lina nini.

Siku ya kuhama Abdi alileta mnunuzi wa chakavu. Hakuwa na nia mbaya, aliona linaniliza. Nilipotoka chumbani mtu yule alikwisha kuliweka begani. Nikamwambia ngoja. Abdi akaniuliza la nini, dada? Hooyo naye, mama yangu aliyelala nami mkeka mmoja eda yote, akaniuliza hivyo hivyo. Wote wananitazama.

Nikawaeleza kama ulivyonieleza. Kwamba mtu akitaka kuona elektroni ikianguka huiangusha ndani ya bomba la shaba, ili shaba izuie misukumo ya nje. Lakini shaba nayo ina elektroni zake, na hizo pia zina uzito, zimekwisha kushuka kidogo chini. Zikiwa kule chini zinaisukuma juu hii inayokuja nyuma yao. Basi haianguki. Inabaki katikati, haipandi wala haishuki. Nikasema pacha wake wa kinyume shaba hiyo hiyo ingemvuta chini zaidi, ndiyo maana ulitaka atomi nzima, isiyo na chaji, isiyovutwa wala kusukumwa.

Hooyo hakujali habari za pacha. Amemzika baba yangu, amezika wanawe wawili. Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo hao waliotangulia kushuka ndio wanaomshikilia huyu?"

Nikasema ndiyo, hooyo.

Akavuta shela akajifuta uso. Halafu akamgeukia yule mnunuzi na Kiswahili chake cha sokoni: "Wewe, weka chini. Habana uza hii."

Abdi ndiye aliyelibeba mpaka kwake, jua kali, watu wakimcheka njiani. Sasa limesimama karibu na kitanda cha Saida, naye hugonga kwa kijiko asikie linavyolia.

Nakuahidi nitaendelea kusikiliza redio. Siku watakapojua, chini au juu, nitakuwa wa kwanza kukuambia. Nikiwa sipo, Saida atakuambia, swali nimekwisha kumfundisha. Mazuri yako yote nayakumbuka, na ubishi wako nimekusamehe. Nawe nisamehe.

Pumzika, mume wangu. Umetangulia kushuka. Mimi bado nimesimama.

Nuria wako