Siku Maji ya Singidani Yalipopanda Yenyewe

Alhamisi, jioni. Upepo wa mashariki haujatulia tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye chungu cha uji. Nimekaa, nimeinuka, nimekwenda mlangoni, nimerudi. Sijui nitue wapi.

Nilipokuwa askari wa Mwingereza niliona kule Mombasa jinsi bahari inavyoinua meli nzima kama kikapu. Tangu nirudi Singida wazo hilo halijaniacha. Kwa nini mawimbi ya ziwa letu la Singidani yapande na kushuka bure, wakati mke wangu Mariamu na wenzake wanajitwisha madebe ya maji hadi kwenye mabwawa ya kukaushia chumvi?

Nikafunga pipa tupu kwenye mkono wa pampu kuukuu. Wimbi liinue pipa, pampu ivute maji. Kusema ni rahisi. Ziwa likilala, pipa nalo linalala. Likichafuka, linavuta kuliko chuma kinavyostahimili. Na chumvi inakula kila kitu. Boliti niliyoikaza juzi, leo inameguka kama udongo mkavu.

Leo asubuhi mawimbi yalikuwa ya kadiri. Ntandu, kaka yake Mariamu, aliingia ziwani hadi kifuani kuushika mnyororo unaolizuia pipa lisichukuliwe. Pampu ikakohoa, ikatema tope, kisha maji. Wanawake wakatua madebe, wakatazama.

Maji yalipanda yenyewe.

Upepo ulikuwa umeanza kuzidi, nami niliuona. Nilipaswa kumwita atoke. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye maji. Mnyororo ukakatika, pipa likaja na wimbi, likambamiza mkono.

Umevunjika. Dispensari wameufunga kwa vibao. Na mtama wake wote bado uko shambani.

Mariamu hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda ukamwone."

Nikaenda nikiwa na maneno ya kuomba radhi mdomoni. Ntandu akanitangulia.

"Shemeji, maji yalifika bwawani?"

"Yalifika."

"Mengi?"

"Yalifunika chini pote."

Akafumba macho, akatabasamu kwa maumivu. "Basi tafuta mnyororo mnene."

Laiti angenitukana, ningepata usingizi.

Kukicha nakwenda kumvunia mtama wake. Mpaka mkono upone, sigusi pampu. Hilo nimeamua.

Ila akishapona, akaniuliza tena habari ya mnyororo, nitamjibu nini?