Tumbo la Aimée Limefunguka

Bwera, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa Feresita,

Nakusalimu kwa furaha ambayo sijaionja tangu nivuke mpaka kuja kukaa huku. Hujambo? Goti limepoa? Je, njia ya shambani imekuwa salama, na mihogo mmeweza kuing'oa? Namsalimu pia dada Marlène, maana najua ndiye anayekusomea. Marlène, soma yote. Usiruke mstari hata ukinionea aibu.

Sisi ni wazima, Mama. Wazima wote watatu, mimi, mtoto na hata mke wangu Aimée. Jana alikula sahani nzima ya ugali na mboga ya sombe, akaomba aongezewe. Leo ametembea kwa miguu yake hadi kanisani na kurudi, bila kusimama njiani kushika ubavu. Mimi nilikuwa nyuma nikimtazama, nikashindwa hata kuitikia salamu za watu.

Nikueleze ilivyokuwa. Wiki nne zilizopita alikwenda Karambi kumsaidia shangazi yake kuchuma kahawa. Kabla ya saa sita mchana nikapigiwa simu kwamba anatapika maji ya kijani, na tumbo limejaa, gumu kama ngoma. Jirani yetu Siraj, anayeuza vipuri vya pikipiki, alifunga duka akatoa gari lake, tukamfuata. Katika kituo cha afya walimgusa tu wakasema tusishuke, twende moja kwa moja Kasese. Njiani, kule mbugani, tembo walikuwa wamesimama barabarani na watoto wao, nasi tukakaa tukiwangojea huku Aimée akisaga meno kiti cha nyuma. Siraj alizima injini akaanza kuomba dua, nami nikasema rozari. Sijui ni nani kati yetu aliyesikilizwa, lakini tembo waliondoka.

Hospitalini tulipokewa na daktari wa upasuaji anayeitwa Nabasa, mama mwembamba, mtoto wa mwanajeshi. Kiswahili chake alikipata kambini. Aliniambia, “Weka sahihi hapa. Kaa pale. Usilie.” Nikakaa pale. Kwa saa tatu nzima, Mama.

Alipotoka alinichorea kwenye daftari ili nielewe. Alisema mtu akipasuliwa kuzaa, kama Aimée alivyopasuliwa, kidonda cha nje hufunga na kila mtu akakiona kimefunga. Lakini ndani nako mwili hujiganga, na wakati mwingine hujiganga kupita kiasi. Huota nyuzi, nyembamba kama utando wa buibui, kisha zinakomaa na kuwa kama kamba. Kamba hizo zilikuwa zimeuvuta mji wa mimba wa Aimée zikaugandisha kwenye ukuta wa tumbo, na nyingine imeunyonga utumbo hata chakula hakipiti. Alisema si kosa la waliompasua mara ya kwanza, wala si la Aimée, wala hakuna mtu aliyemtupia kitu. Hutokea kwa wengi, na wengine hata hawasikii maumivu. Alizikata moja baada ya nyingine. Hakunificha kwamba zinaweza kuota tena, ila sasa tunajua dalili na tunajua pa kukimbilia.

Baada ya hapo tulikatazwa kumpa chakula mpaka atoe hewa ya tumboni. Usinicheke, Mama. Siku tatu wodi nzima ilingojea jambo hilo moja. Wagonjwa wenzake walimuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi akatikisa kichwa. Siku ya nne, muuguzi akiwa anabadilisha shuka, likasikika, na wanawake wote wakapiga vigelegele kama harusini. Aimée alijifunika uso kwa kanga, akacheka huku ameshikilia mshono. Sikuwahi kujua kwamba nitamshukuru Mungu kwa jambo kama lile.

Sasa, Mama, nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Ile siku Daktari Nabasa aliponichorea, aliniuliza kama hakuna mtu aliyewahi kutuambia tuje kupimwa mapema. Nilisema hapana. Nilimdanganya. Miaka mitatu iliyopita mganga wa kituo cha afya aliandika karatasi ya kumpeleka Aimée Kasese kwa sababu ya maumivu ya tumbo aliyokuwa akiyapata. Aimée alikuwa amelala kwenye benchi, karatasi nikapewa mimi. Nikamwambia mke wangu kwamba wamesema ni gesi. Karatasi niliikunja nikaisukuma chini ya madumu ya mawese stoo.

Wewe hukuwepo siku alipozaliwa mtoto wetu. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona damu, niliona wauguzi wanakimbia, nikaapa kwamba kisu hakitamgusa tena. Niliogopa, Mama. Na woga wangu nikauita busara.

Baya zaidi ni hili. Ulipokuja kukaa nasi ukaniuliza kwa nini mtoto ni mmoja tu, na kwa nini mwanamke huyu anakimbia jembe, nilijua anaumwa. Lakini nikakujibu kwamba labda anameza vidonge kwa siri, na kwamba kazi haipendi. Ni mimi niliyesema. Hakuwahi kumeza kidonge cha kuzuia mimba hata kimoja. Ukayachukua maneno yangu ukamtamkia mbele ya majirani, naye akaingia ndani akafunga mlango, ukaondoka kwa hasira, nami nikakusindikiza hadi mpakani nimenyamaza.

Siku alipotoa hewa ndipo nilipomwambia. Aligeukia ukutani. Siku nzima hakukubali nimshike mkono kwenda msalani, alimwita muuguzi. Kesho yake akasema, “Mimi nimesikia. Lakini Mama hajasikia. Umuandikie. Usipige simu, kwa simu utapunguza.”

Hivyo sikupunguza. Kwa Daktari Nabasa nilirudi kusema ukweli, akaniambia niwaeleze wanaume wenzangu sokoni. Nimeanza na Siraj. Nawe nakuomba radhi, kwa sababu nilikutumia kumpiga mtu ambaye hakuwa na kosa. Ukikasirika, unikasirikie mimi.

Nisalimie baba mdogo na watoto wote wa nyumbani. Mungu awalinde nyinyi na njia zenu, akupe nguvu ya goti na usingizi mtamu.

Ni mimi mwanao,
Katembo Hilaire

Mama, ni mimi Aimée. Alinisomea yote, nikamufutisha mahali mbili alikuwa anajisifu. Ile maneno ulisema mbele ya watu iliniuma kuliko kisu, sitakuficha. Lakini ulisema ile uliambiwa. Siku ya soko nitakuwa mpakani na mutoto, upande wa Mpondwe, karibu na wale wanauza viatu. Nitakuja kwa miguu, mimi mwenyewe nitabeba mufuko wako kama si muzito. Kuja.