Rosela Kabla, Rosela Baada

Machi 4

Mpwa wangu,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo wote, walio hai na waliotangulia, natangaza kwamba nimenunua jagi. Ni la plastiki, lina mfuniko, linachukua lita mbili. Haya, keti sasa. U mzima? Mimi mzima, ila miguu inakufa ganzi, nashuku viatu.

Jagi ni matunda ya barua yako. Uliandika kwamba hapo maabara unapolisha panya, madaktari waliwanywesha pombe, wengine wakawaongezea juisi ya maua ya rosela, na ubongo wa hao wa rosela haukuharibika sana. Ulisema pombe hutia ubongo kutu, na ule wekundu wa rosela huizuia. Basi nami naendesha utafiti wangu: glasi moja kabla ya kwenda kilabuni, mbili nikirudi. Jirani yangu Shona-viatu anasema hajapata kuona mlevi aliyechanjwa.

Unajua miaka thelathini nimekata nguo bila daftari. Vipimo vya mtaa mzima vimo kichwani. Kichwa kama hicho lazima kilindwe.

Mjomba wako

Machi 13

Shikamoo mjomba,

Sisi hatujambo. Panya nao hawajambo, wanakula kunishinda.

Barua yako niliisoma nikicheka, nikairudia nikaacha kucheka. Sikusema rosela ni ruhusa. Panya wale walipewa kwa kipimo, wiki chache tu, na bado waliumia. Nafuu si kinga. Hakuna aliyempima mtu wa miaka sitini anayekunywa tangu sijazaliwa. Na ganzi hiyo si viatu, mjomba. Pombe humnyima mtu vitamini mpaka mishipa ya fahamu ikachoka. Nenda hospitali.

Halafu uniandikie ulivyoipitisha wiki hii, siku kwa siku. Usiniulize kwa nini.

Mpwa wako

Aprili 6

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Wiki uliyoitaka ni hii. Jumatatu mteja alirudisha shati akidai mkono mmoja ni mrefu. Nikamshauri aanze kwa kupima mikono yake. Jumanne mwalimu alikuja kudai suti, nikaapa hajawahi kuniletea kitambaa. Shona-viatu akaingia, akaitoa suti hiyo kwenye kabati langu, imeshakatwa, ina chaki yangu. Sijui ni nani ananichezea.

Ila Jumapili ilikuwa njema. Mama yako alikuja. Alikaa pale dirishani akimenya machungwa, akalicheka jagi langu mpaka akapaliwa. Anakusalimu sana, anasema umekonda.

Rosela sijakosa hata siku moja.

Mjomba wako

Aprili 11

Shikamoo mjomba,

Mama tulimzika miaka sita iliyopita. Gauni alilozikwa nalo ulilishona wewe.

Siandiki haya kukuumiza. Nilimweleza daktari mmoja hapa habari zako, akaweka kalamu chini. Anasema kumbukumbu ikitoboka, ubongo huitia kiraka cha kitambaa chochote kilicho karibu, na mwenyewe huapa kwamba ni nguo nzima. Kuna sindano za vitamini B1, na kila siku inayopita bila kuchomwa ni hasara isiyorudi. Usiache pombe ghafla ukiwa peke yako, hilo nalo huua. Waache hospitali wakusimamie.

Nimempigia simu Shona-viatu. Yeye ndiye anayekuletea barua hii. Mfuate, usimbishie.

Habari za panya nilikuandikia mimi. Silali.

Mpwa wako

Mei 15

Shikamoo mjomba,

Hii ni ya tatu bila jibu. Shona-viatu anasema umelazwa, unachomwa sindano na unakula vizuri, lakini juzi ulimuuliza yeye ni nani, na jana ukamuita kwa jina la baba yako. Likizo nimenyimwa mpaka mwezi ujao. Andika hata mstari mmoja. Andika jina langu tu nione kama unalijua.

Mpwa wako

Juni 20

Mpwa wangu,

Marahaba zote ninazodaiwa, pokea kwa jumla. Jina lako nalijua, nami ndiye niliyekupa, kwa hiyo usinitishe.

Wiki ya kumi hii bila tone. Daktari hunipa maneno matatu, tunaongea habari za mvua, kisha anayadai. Mwezi uliopita nilikuwa namrudishia moja na kumgombeza kwa mawili. Sasa narudisha mawili. Nilimuuliza habari za rosela. Akasema ninywe nikipenda, ni kinywaji kizuri, ila asiyekunywa pombe hata maji humtosha. Na wewe acha kujilaumu. Wewe uliandika panya, mimi nikasoma kilabu.

Kilichokuwa kikininyima usingizi ni mkasi, kama utanirudia au ndiyo basi. Muuguzi wa wodi yetu akaniletea kitambaa na daftari, daftari la kwanza maishani mwangu. Nikampima, nikaandika vipimo na tarehe: kiuno, nyonga, urefu. Mengine nikakadiria kwa jicho. Wakaniruhusu cherehani wanayoshonea mashuka. Siku nne, mpwa wangu, bila haraka, nikilisoma daftari kila baada ya mshono.

Jana asubuhi aliivaa mbele ya wodi nzima. Suruali ilimkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Wagonjwa wakapiga makofi, hata yule asiyeongea. Nikafuta macho. Muuguzi akanishukuru, akageuka huku na huku waione vizuri, kisha akaja kukaa kitandani kwangu, akanishika mkono, akaninong'oneza.

Alikuwa ameagiza sketi.

Mjomba wako