Ng'ombe za Nyamburi Zimekuwa Bunduki

Mama Petronila mpendwa,

Nakuandikia, na jina langu naomba usilitoe maana hapa Bunda gazeti moja linasomwaga na watu ishirini. Mimi ni mtu wa miaka hamsini hivi, nalima pamba, nimesoma misheni Nyegina mpaka darasa la nne, nina mke mmoja, Gati, na watoto wawili, binti yangu Nyamburi na mdogo wake Silasi.

Mwaka juzi Nyamburi aliolewa Butiama na kijana anaitwa Keraryo, wakaleta ng'ombe za mahari, na kwetu kila mtu anajua ng'ombe za dada ndizo kaka yake anaolea, ni za nyumba ya mama yao, baba ni mchungaji tu, na mimi hayo nilikuwaga nayajua vizuri sana. Lakini mwezi uleule nikaenda Musoma, nikamkuta mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu anauza vitu vyake arudi kwao, na kati ya vitu kulikuwa na bunduki ya marisau, ya zamani, mitutu miwili lakini siyo ubavu kwa ubavu kama zile tunazozionaga, mmoja umelala juu ya mwenzake, na kwenye chuma wamechora bata wanaruka, na kitako kinang'aa kama kimepakwa samli. Nikaishika, na palepale nikajiona mtu mwingine. Bomani nilisema nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu, wakanipa kibali, na nguruwe wapo kweli, ila mimi nilikuwa nawaza tu nikifika kwenye pombe watu watasogea nipite.

Ng'ombe nikazipeleka mnadani kimyakimya. Gati nilimwambia bunduki ni ya hela ya pamba, na ng'ombe nimeziweka Ikizu kwa rafiki yangu anichungie, kama tunavyofanyaga ili ugonjwa ukija usimalize zizi zima. Akaamini, kwa nini asiamini?

Baada ya mavuno Nyamburi akaja kwa miguu kutoka Butiama, mkono umevunjika, kaufunga na kitenge, mdomo umevimba. Gati akasema, "Baba Nyamburi, kazichukue ng'ombe Ikizu uwarudishie wenyewe. Mtoto wangu hakanyagi tena kule." Nikashika fimbo nikaenda, nikakaa kwa yule rafiki siku mbili nakunywa uji wake, nikarudi nikasema, "Ugonjwa, sotoka. Zimekufa zote." Gati akakaa chini akalia. Nyamburi akaniambia, "Basi baba, usihuzunike. Nitarudi mwenyewe, nisikuletee kesi." Akanihurumia mimi! Nikamsindikiza mpaka mtoni, bunduki begani.

Juzi imekuja habari amepigwa tena, mimba imetoka, hainuki kitandani. Bunduki nimeipeleka kwa fundi bunduki Hamduni pale Mwigobero, anitafutie mnunuzi, akaigeuzageuza akacheka, "Mzee, risasi za saizi hii zimeondoka na mzungu wako. Itundike ukutani itishe nyoka." Nina maksai wanne wa plau na ng'ombe mbili za maziwa, ila bila hao silimi. Naomba unielekeze, nitaiuzaje hii bunduki nipate ng'ombe, mtoto arudi, na Gati asijue? Silali, Mama.

Mwenye majuto, Bunda

JIBU

Bwana wa Bunda,

Pole yangu ya kwanza naipeleka Butiama. Yako itafuata, ikibaki.

Umeuliza namna ya kuuza bunduki. Hukuuliza nani anampa Nyamburi maji pale alipolala. Najua aibu inauma, na aliyeandika haya yote kwa mkono wake hajaoza. Lakini bado unatafuta njia ambayo wewe hutaonekana. Haipo. Ilikuwepo siku ya mnada, ukaiuza na ng'ombe.

Hao maksai umewataja kwa pumzi moja kisha ukawakimbia. Kwa hiyo siku mtoto aliposimama uani kwako na mkono umevunjika, zizini mlikuwa na ng'ombe. Hukukosa mahari ya kurudisha, bwana. Ulikataa kurudi kwenye jembe la mkono. Gati bila shaka analimia jembe hilo, na hajafa.

Leo, kabla hamjala, mwambie Gati. Silasi awepo, maana aliyegeuzwa bunduki ni mke wake wa kesho. Usiseme shetani alikupitia. Sema: niliuza, nikadanganya, sotoka haikuwepo. Atapiga kelele, pengine atakutupia chungu. Kaa.

Kesho asubuhi nendeni Butiama na kaka zake Gati na machela ya kumbebea. Usingoje ng'ombe watimie. Keraryo akidai mahari, aende barazani, na huko aeleze huo mkono na hiyo mimba mbele ya wazee. Wazee wakisema ulipe, maksai watoke, na kinachobaki uombe muda kama watu wengine. Bunduki ipeleke bomani, useme unaiuza, wakuonyeshe mnunuzi wa halali. Usiiuze uchochoroni, utafungwa, na jela kwako sasa ingekuwa mapumziko.

Ukimkuta Nyamburi usianze hotuba. Mwambie mlangoni, mumewe akisikia, kwamba ng'ombe hazikufa na yeye hakuwa na deni la mtu. Huenda akakataa kushikwa na mkono wako. Basi waache wajomba zake wamnyanyue, wewe ufuate nyuma.